Kuendesha gari la abiria wenye ulemavu Marekani: mwongozo kwa anayeanza kazi

Watu wetu wengi wanaofika Marekani, wawe wametoka Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania, huanzia ghalani, kwenye kulea wazee, au kwenye usukani. Kwenye usukani wengi hufikiria Uber au lori. Kuna kazi nyingine ambayo haizungumzwi sana kwenye magrupu yetu, nayo inahitaji madereva karibu kila mji: paratranziti. Huo ni usafiri wa umma unaomfuata mlangoni mtu ambaye ulemavu wake haumruhusu kutumia basi la kawaida. New York wanaita huduma hiyo Access-A-Ride, Boston ni The RIDE, Washington ni MetroAccess, Minneapolis na Saint Paul ni Metro Mobility. Majina ni tofauti, sheria ni moja.

Ni kazi nzuri kwa mtu makini, na ni kazi mbaya sana kwa mtu mwenye haraka. Nitapita upesi kwenye makaratasi na kukaa zaidi kwenye lifti ya kumpandishia abiria garini na mikanda, kwa sababu hapo ndipo watu huumia.

Hatua ya 1: Jua abiria wako amekujaje ndani ya gari lako

Tulikotoka, wengi tumezoea kumwona mtu mwenye ulemavu barabarani kama mtu wa kusaidiwa kwa huruma. Konda mwenye moyo atambeba, asiye na moyo atamwacha kituoni. Ukiingia na fikra hiyo kwenye kazi hii utagombana na abiria wiki ya kwanza, na hutaelewa kosa lako ni lipi.

Julai 1978, katikati ya jiji la Denver, kwenye makutano ya Colfax na Broadway, kundi la watu wenye ulemavu waliyazingira mabasi ya umma kwa viti mwendo vyao na kukaa hapo usiku kucha, kwa kuwa mabasi yale hayakuwa na njia ya kuwapandisha. Wanakumbukwa kama wale 19 wa Denver. Kutokana na harakati hizo kikazaliwa chama cha ADAPT, ambacho madai yake ya mwanzo yalikuwa basi tu. Machi 1990 wanaharakati waliacha viti vyao na magongo yao chini ya ngazi za Bunge la Marekani wakazipanda kwa kutambaa, na tarehe 26 Julai mwaka huo huo Rais George H. W. Bush akatia saini ADA, sheria ya haki za watu wenye ulemavu.

Kwa hiyo mama anayekusubiri kibarazani hakuombi usafiri wa huruma. Anatumia haki iliyoandikwa, na haki hiyo ina vipimo. Huduma lazima imfikie mtu aliye ndani ya robo tatu ya maili kutoka njia ya basi la kawaida, siku zile zile na saa zile zile ambazo basi hilo linatembea. Akipiga simu leo, lazima apate safari ya kesho. Nauli isizidi mara mbili ya nauli ya basi. Msaidizi wake binafsi halipi. Na hakuna mwenye ruhusa ya kumuuliza anakwenda kufanya nini: kwenda kasino na kwenda hospitali vina uzito mmoja. Nimesikia madereva wakinung'unika kwamba wanampeleka fulani "kutembea tu". Hilo ndilo lililopiganiwa, mtu aweze kutembea tu.

Hatua ya 2: Chagua mlango wa kuingilia

Mara nyingi mamlaka ya usafiri ya mji haiajiri madereva hawa yenyewe, bali hutoa kandarasi kwa kampuni kama Transdev au MV Transportation. Tazama tovuti ya mamlaka ya mji wako uone ni nani amepewa kandarasi, kisha omba kazi huko moja kwa moja. Huna haja ya wakala wala ndugu wa kukuunganisha kwa malipo.

Kuna mlango wa pili unaofanana na huu, nao ni magari ya wagonjwa wasio wa dharura yanayolipiwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Safari zake ni za matibabu tu, na kampuni nyingi ni ndogo, baadhi zimefunguliwa na watu wetu wenyewe. Zipo nzuri. Lakini nyingine hukupa gari siku ya kwanza bila mafunzo yoyote, na hukulipa kwa karatasi ya 1099 kana kwamba wewe ni mfanyabiashara huru, hivyo kodi na bima vinabaki juu yako. Ushauri wangu kwa anayeanza: tafuta ajira ya W-2, yaani ya mwajiriwa anayekatwa kodi kwenye mshahara, yenye mafunzo yanayolipwa, jifunze kazi kwa mwaka mmoja au miwili, ndipo ufikirie kununua gari lako. Ufundi wa kufunga kiti mwendo haupatikani kwa kutazama video usiku mmoja.

Uliza pia kama kuna chama cha wafanyakazi. Madereva wa miji kadhaa wako chini ya ATU au Teamsters, na hapo zamu huchaguliwa kwa kufuata nani ametangulia kazini.

Hatua ya 3: Makaratasi

Gari lililoundwa kubeba watu 16 au zaidi, dereva akiwemo, linahitaji CDL, yaani leseni ya udereva wa kibiashara, yenye idhini ya abiria. Magari mengi ya paratranziti ni madogo kuliko hapo, na leseni ya kawaida inatosha, ingawa majimbo mengine yana masharti ya ziada. New York, kwa mfano, ina Kifungu cha 19-A kinachomhusu kila dereva wa basi. Soma tangazo la kazi vizuri. Wengine huanza na gari dogo halafu kampuni huwalipia mafunzo ya CDL.

Kama huna uraia wala kadi ya kijani, usilipe karo ya shule yoyote ya CDL kabla ya kufika mwenyewe kwenye ofisi ya leseni ya jimbo lako. Tangu Septemba 2025 serikali ya shirikisho imebana leseni hizo kwa watu wenye vibali vya muda, na suala hilo limefika mahakamani. Jibu la rafiki aliyepata leseni mwaka juzi halikufai.

Utapimwa afya. Kampuni nyingi zinataka kadi ya daktari aliyesajiliwa na Idara ya Uchukuzi, ambayo hudumu hadi miaka miwili. Presha ikiwa 140/90 au zaidi, utapewa muda mfupi au utaambiwa urudi ukishatibiwa. Wenye presha wanafanya kazi hii bila shida mradi wanameza dawa, kwa hiyo ianze kabla ya siku ya kipimo.

Kisha dawa za kulevya. Kampuni inayotumia fedha za usafiri za serikali kuu lazima ikupime kabla hujaanza, halafu kwa kushtukiza wakati wowote, na pia baada ya ajali. Hata kama jimbo lako limeruhusu bangi, kama Minnesota ilivyofanya 2023, kwa dereva wa usafiri wa umma ni marufuku, na kusema ulitumia mafuta ya CBD ya kupaka au ya kumeza hakutakuokoa. Pombe iwe imekoma angalau masaa manne kabla ya zamu. Na kwa wale wa kwetu: miraa, au mirungi, ni haramu Marekani nzima. Usidhani kwa kuwa haijulikani na jirani haijulikani na sheria.

Hatua ya 4: Mafunzo, na cha kudai humo

Sheria inataka dereva afundishwe mpaka aweze kazi, si mpaka saa za darasa ziishe. Wengi hutumia mtaala wa PASS, unaohusu usalama wa abiria na namna ya kuwahudumia kwa heshima. Darasani utakaa siku chache, kisha utatoka na dereva mzoefu.

Dai mambo mawili. La kwanza, ukae wewe mwenyewe kwenye kiti mwendo, ufungwe, na gari liendeshwe kuzunguka uwanja. Utasikia tumboni kona ambayo dereva anaiona ndogo. La pili, ufunge kwa mikono yako viti vya kila namna: cha kusukumwa, cha umeme, skuta ya magurudumu matatu, na kiti cha mtoto. Mwalimu akikuonyesha kimoja akasema vingine vinafanana, mwombe akuonyeshe hivyo vingine.

Hatua ya 5: Kabla hujatoka uwanjani

Taa, matairi, breki, vioo, honi, kama gari lolote. Halafu lifti: ishushe mpaka chini, ipandishe mpaka juu, ikunje, kila asubuhi, hata kama jana ilifanya kazi. Tazama kizuizi cha mbele cha jukwaa kama kinasimama chenyewe jukwaa likinyanyuka. Jua mpini wa pampu ya mkono uko wapi, maana umeme ukikata na abiria yuko hewani hutakuwa na muda wa kuutafuta.

Lifti ikigoma, toa taarifa hapo hapo. Mamlaka ya usafiri inatakiwa kulitoa gari barabarani kabla ya siku yake inayofuata ya kazi, na lisirudi mpaka lifti itengenezwe. Kama mamlaka haina gari la akiba, ina siku tatu tu katika maeneo yenye watu zaidi ya 50,000. Dereva anayenyamaza ili asikose zamu anamwachia mzigo mtu ambaye gari litamfikia likiwa halina uwezo wa kumpandisha.

Hesabu mikanda: kila nafasi ya kiti mwendo inahitaji minne ya sakafuni, pamoja na mkanda wa kiuno na bega. Isafishe. Majira ya baridi chumvi na mchanga wa barabarani huingia kwenye mashine za kukazia mikanda, nazo huanza kuteleza bila kukuambia.

Hatua ya 6: Mlangoni

Abiria amepewa muda wa kuchukuliwa, mara nyingi dirisha la dakika 30. Ukifika ndani ya dirisha hilo, utamsubiri dakika tano hivi, kutegemea sheria za huko kwako. Ukifika kabla ya dirisha, huna haki ya kumharakisha.

Hakikisha uko kwenye mlango wenyewe. Majengo ya wazee na zahanati huwa na milango mitatu au minne, na ramani ya tableti hukuleta barabarani tu. Shuka, tazama, mpigie ofisi ya mawasiliano. Ukibonyeza kwamba abiria hakutokea ilhali wewe ulikuwa mlango wa nyuma, rekodi inaandikwa kwa jina lake, na rekodi hizo zikirundikana anaweza kusimamishwa huduma. Mtu anaweza kupoteza safari zake zote kwa sababu dereva hakutaka kuzunguka jengo.

Jitambulishe, taja jina lake la ukoo uhakikishe ndiye, kisha uliza: "Ungependa nikusaidie vipi?" Swali hilo lije kabla ya mkono. Usishike kiti mwendo cha mtu bila ruhusa. Kwake ni sehemu ya mwili. Usimsemeshe msaidizi kana kwamba abiria hayupo. Heshima yetu ya kumwita kila mtu mzima mama au mzee si kila Mmarekani anaipokea, basi tumia Mr. au Ms. na jina la ukoo mpaka akwambie vingine. Na pole ya kumpa mtu kwa kuwa tu anatumia kiti mwendo iache nyumbani.

Je, umbebe kwenye ngazi? Hapana. Kazi yako haihusu kumnyanyua mtu wala kiti chenye mtu, na haihusu kwenda mahali ambapo huwezi kulitazama gari lako. Unaweza kumpa mkono, kusukuma kiti kwenye njia ya ukingo, kufungua mlango. Katika miji mingine msaada unaishia ukingo wa barabara, lakini hata huko, abiria ambaye ulemavu wake unamlazimu kusaidiwa mpaka mlangoni anastahili msaada huo.

Hatua ya 7: Lifti

Egesha pasipo mteremko, vuta breki ya mkono, washa taa za tahadhari. Hakikisha jukwaa halishukii kwenye barafu, nyasi laini wala ukingo.

Abiria wa kiti mwendo kwa kawaida huingia kinyumenyume, uso ukitazama nje ya gari, ili uzito wa magurudumu makubwa uwe upande wa ndani. Wapo wasioweza au wasiotaka, na lifti zimetengenezwa kubeba pande zote mbili. Akishakaa sawa: breki za kiti zifungwe, na cha umeme kizimwe. Wengine hawapendi kuzima. Mweleze kwa utulivu kwamba mkono ukigusa usukani wake hewani, kiti kitaruka kizuizi.

Wewe unasimama chini, mkono mmoja kwenye kifaa cha kuendeshea, mwingine ukishika kiti. Usipande juu ya jukwaa pamoja naye. Mwambie kabla ya kila mwendo: sasa napandisha, sasa kizuizi kinafunguka. Tazama miguu yake, vidole vyake, mifuko inayoning'inia nyuma.

Mtu anayetembea kwa fimbo au kwa shida akiomba kupanda kwa lifti akiwa amesimama, ni haki yake. Hutakiwi kumdai uthibitisho wala kumwambia lifti ni ya viti tu. Mwonyeshe vishikio, ainamishe kichwa anapoingia.

Lifti hizi lazima zihimili angalau pauni 600, karibu kilo 272, na kiti cha umeme peke yake kinaweza kupita pauni 300. Soma kibao cha lifti yako. Kama mtu na kiti chake wanaingia na lifti inawahimili, huna ruhusa ya kumkataa kwa kuwa kiti chake ni cha ajabu.

Hatua ya 8: Kufunga kiti mwendo

Hapa punguza mwendo. Dereva mzoefu hutumia dakika tatu au nne kwa kiti kimoja, na dakika hizo zimo kwenye ratiba hata kama ratiba inaonekana kukubana.

Kiti kitazame mbele, kikae katikati ya reli za sakafuni, breki zimefungwa. Sasa tafuta chuma cha kufungia. Kulabu ya mkanda ishike kiunzi chenyewe, chuma kilichochomelewa kisichotoka, karibu na usawa wa kiti. Kamwe isishike gurudumu, kiegemeo cha mkono, kikanyagio cha miguu, wala kitu chochote kinachofunguliwa kwa bizimu au kibano. Jaribu: shika kile chuma, kitikise. Kikicheza, sicho. Viti vilivyotengenezwa kwa ajili ya usafiri huwa na sehemu nne zilizowekwa alama ya kulabu. Abiria mwenye kiti kama hicho amekurahisishia nusu ya kazi.

Mikanda miwili ya nyuma iende nyuma na chini, imenyooka, kutoka kwenye kiunzi, isipindane, isipite juu ya ncha kali. Hii ndiyo itakayobeba uzito wote gari likigonga kwa mbele. Miwili ya mbele ifunguke kidogo kwa nje ili kiti kisipinduke kwenye kona. Kaza yote minne, halafu shika kiti kwa nguvu ukisukume na kukivuta, mbele, nyuma, ubavuni. Kanuni inataka kisisogee zaidi ya inchi mbili upande wowote. Mimi nasema kisisogee kabisa kwa mkono wako, kwa sababu breki ina nguvu kuliko mkono wako.

Kufunga kiti ni kitu kimoja, kumfunga mtu ni kingine, na hapa ndipo wageni wa kazi wengi husahau. Kiti cha mtu huwa na mkanda wake mdogo wa kumsaidia kukaa wima. Huo si mkanda wa usalama wa gari. Mkanda wa kiuno wa gari upite ndani ya viegemeo vya mikono, ulale chini kwenye mifupa ya nyonga, usipande tumboni. Wa bega ukatize katikati ya bega, usiguse shingo. Utahitaji kupitisha mkono karibu sana na mwili wake, kwa hiyo sema unachofanya kabla hujafanya, na kama anaweza kuupitisha mwenyewe, mpe aupitishe.

Wapo watakaokwambia, "Acha, ni hapo kona tu." Wengi wanaoumia ndani ya magari haya hawaumii kwa kugongana na gari lingine, wanaumia dereva akikata kona au akikanyaga breki kwa ajili ya paka. Kona ile ile ya "hapo tu".

Skuta za magurudumu matatu ni ngumu kufunga na hupinduka upesi. Unaweza kumshauri abiria ahamie kiti cha gari, na kumweleza kwa nini. Huwezi kumlazimisha. Na kama umejitahidi kadiri ya uwezo wako na kiti chake hakifungiki unavyopenda, bado huruhusiwi kumwacha kwa sababu hiyo. Kifunge kadiri inavyowezekana, mjulishe abiria, piga simu ofisini, endesha polepole. Kampuni yako ndiyo itamtafutia kamba za ziada za kushikia kulabu. Ziombe, ni bei ndogo.

Hatua ya 9: Walio wengi hawatumii kiti mwendo

Asiyeona: mwambie wewe ni nani, mpe kiwiko, yeye ndiye akushike juu kidogo ya kiwiko, nawe utangulie nusu hatua. Taja ngazi inapanda au inashuka. Fimbo yake nyeupe usiiguse. Mbwa wake yuko kazini, usimpapase wala kumpa chakula, na hata kama dini yako au malezi yako yanakufanya umwogope mbwa, hawezi kukataliwa. Unaruhusiwa kuuliza kama ni mnyama wa huduma na amefundishwa kazi gani. Cheti huruhusiwi kudai.

Kiziwi: mtazame usoni, usiongee ukiwa umempa kisogo, andika kwenye simu. Huna haja ya kupaza sauti.

Anayezungumza kwa shida, kwa mfano mwenye mtindio wa ubongo: hapa sisi tuna mzigo wa ziada, kwa kuwa lafudhi yake ni ngumu kwetu na yetu ni ngumu kwake. Usiitikie ndiyo kwa jambo ambalo hukulielewa. Mwombe arudie, rudia wewe ulichosikia, uliza maswali ya ndiyo na hapana. Watu hawa wamezoea kurudia maneno yao maisha yao yote. Wanachochoka nacho ni kuitikiwa uongo.

Mwenye kupoteza kumbukumbu: angalia kwenye ratiba kama anatakiwa kukabidhiwa mtu. Kama imeandikwa hivyo na hakuna aliyefungua mlango, hashuki. Piga simu ofisini.

Sasa wale wa figo. Hawa utawabeba wiki nzima, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, au Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwa kuwa damu husafishwa mara tatu kwa wiki. Anapokwenda ni mtu mmoja, anaporudi ni mwingine. Muda wa saa tatu hadi nne kwenye mashine humtoa maji mengi mwilini. Akisimama ghafla presha hushuka na anaweza kuanguka kwenye ngazi ya gari lako. Mwache akae kwanza. Mpe lifti asimame juu yake kama anataka. Kabla ya kumpa mkono uliza ni mkono gani, maana mmoja una mshipa ulioandaliwa kwa ajili ya mashine, na huo haushikwi wala haubanwi na mkanda. Ukiona damu inapenya bandeji njiani, egesha, vaa glavu, gandamiza kwa nguvu pale inapotoka bila kuachia, na piga 911. Mshipa huo unatoa damu kwa kasi kubwa na dakika zina maana.

Kwa kifafa: egesha, muda uhesabiwe, mkinge kichwa, usimtie kitu mdomoni, na ofisi ijulishwe.

Hatua ya 10: Barabarani

Anza breki mapema. Kona ziingie taratibu kuliko unavyodhani inatosha. Matuta yapite kama umebeba trei ya mayai. Mtu mwenye maumivu ya mgongo anayasikia yote.

Utachelewa. Foleni, theluji, abiria aliyetangulia kuhitaji muda. Ukiona unachelewa, iambie ofisi kabla muda haujapita, ili wampigie anayesubiri au wampe dereva mwingine. Usifidie dakika kwa mwendo kasi, na usifidie kwa kuruka mkanda mmoja.

Unayoyajua juu ya abiria, yaani anakoishi, ugonjwa wake, saa ambazo nyumba yake iko tupu, yabaki garini. Usipige naye picha kwa ajili ya mtandao, hata kama mmekuwa marafiki. Bahashishi uliza sheria ya kampuni kwanza; wengi wanakataza.

Siku nyingine utampata bibi Mkongomani au Mrundi asiyejua Kiingereza, na uso wake utachangamka akisikia Kiswahili. Zungumza naye, mpe amani. Lakini akikuomba uingie naye kwa daktari umtafsirie au umsainie fomu, mwelekeze aombe mkalimani. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumpa bila malipo, nawe una abiria mwingine anayekusubiri.

Hatua ya 11: Jambo likiharibika

Mkanda ukifunguka, abiria akiteleza, lifti ikigusa mguu, hata kama anasema hajaumia: simama, piga simu, andika. Andika siku hiyo hiyo, kabla hujalala, kwa sentensi fupi za ulichokiona na ulichokifanya. Mkanda upi ulikuwa wapi, alikuwa anatazama upande gani, ulimwambia nini, alijibu nini. Usiandike unachodhani. Kiingereza chako kisikutie hofu; ripoti yenye makosa ya sarufi na ukweli kamili ina thamani kuliko ile nzuri uliyoandikiwa na mwenzako ambaye hakuwepo. Baki na nakala.

Ukishamaliza zamu, tembea ndani ya gari mpaka kiti cha mwisho, kila siku, ukitazama kwa macho yako kwamba hakuna aliyelala humo na hakuna dawa, simu au fimbo iliyosahaulika. Kisha kunja mikanda uiweke kwenye mifuko yake, isikanyagwe usiku na wasafishaji, na uandike kasoro zote kwenye fomu ya gari ili fundi azikute kabla ya dereva wa asubuhi.